Saa za Kuungaunga: Mchezaji Sugu na Mpita Njia Katika Gemu za Mtandaoni



Nimeombwa nizungumzie ugomvi ambao watengenezaji wa gemu za mtandaoni wamekuwa wakiuamua, na mara nyingi kuuamua vibaya, kwa zaidi ya robo karne. Gemu ninazozisema ni zile za kuigiza wahusika. Mtu anajiundia shujaa, mganga au mhunzi, anamwingiza katika ulimwengu wenye maelfu ya watu wengine, na mhusika huyo anakua kadiri anavyochezwa. Katika ulimwengu huo huingia watu wa namna mbili. Yupo mchezaji sugu, anayekesha, anayejua hesabu ya kila upanga, ambaye akikosa usiku mmoja anaona amedhulumiwa. Na yupo mpita njia, anayeingia nusu saa baada ya kazi, akaua nguruwe mwitu wawili, akasalimiana na watu, akalala. Ukimpendelea wa kwanza, wa pili anahama kimyakimya. Ukimpendelea wa pili, wa kwanza anasema gemu imegeuzwa ya watoto na anahama pia, tena kwa kelele.

Hoja yangu ni moja, na nitaitoa mapema ili mwenye haraka aondoke akiwa nayo. Watengenezaji wamezoea kudhani kwamba watu hawa wanatofautiana kwa mapenzi: mmoja anaipenda gemu sana, mwenziwe anaipenda kidogo. Ukiliangalia jambo hili kutoka Laini Saba kule Kibera au Gatina kule Kawangware, unaona kitu kingine. Hapa watu wanatofautiana kwa saa. Kuna mwenye saa zilizoshikana, nne mfululizo, kila jioni, bila mtu kumgusa. Na kuna mwenye saa za kuungaunga, dakika ishirini hapa, arobaini kule, na siku tatu katikati bila chochote. Mtu anaweza kuwa na moyo wa mchezaji sugu na ratiba ya mpita njia. Gemu inayopima moyo kwa kuhesabu saa inamkosea mtu huyo, na mitaa yetu imejaa watu wa aina yake.

Tuanzie kwa PS, mahali ambapo wengi wetu tulishika pedi kwa mara ya kwanza. Chumba cha mabati, runinga mbili au tatu, benchi, na mwenye banda ambaye pia huchaji simu za watu. Mechi ya FIFA ni shilingi 10, kwingine 20. Sheria ya msingi mnaijua: aliyeshindwa ndiye anayelipa. Ni sheria tamu kwa hodari. Kijana aliyekomaa anaweza kuketi pale tangu asubuhi hadi jioni bila kutoa hata ndururu, akilipiwa na kila anayethubutu kumkabili. Itazameni vizuri hesabu hiyo: anayejua hachangii chochote, na anayejifunza ndiye anayegharamia umeme.

Mwanzoni mwenye banda anafurahi, kwa sababu watu wanajaa kumtazama bingwa. Baadaye wachanga wanaanza kuona kwamba shilingi 20 zao zinanunua dakika chache za kudhalilishwa hadharani, na kwa pesa hizohizo mtu anapata chapati. Wanahamia banda la uchochoro wa pili. Hapo ndipo sheria ndogondogo huzaliwa. Ukishinda mara tatu, achia pedi upange foleni. Ukicheza na mtoto wa shule, wewe chukua timu ya daraja la chini, yeye achukue Real Madrid. Au mpe mabao mawili ya kuanzia. Na bingwa naye hafukuzwi, maana bila yeye banda linapoa. Anaachiwa runinga ya pembeni, anaamua ugomvi, anawaonyesha wadogo jinsi ya kupiga krosi, na mara mojamoja anachezeshwa bure ili watu wajae mlangoni.

Sheria hizo hazikuzaliwa na huruma. Zilizaliwa na kodi ya nyumba inayodaiwa mwisho wa mwezi. Mwenye banda anaona uso wa mteja anayekata tamaa, anajua jina la mama yake, na anajua kesho hatamwona. Mtengenezaji wa gemu aliye California anaona mstari unaoshuka kwenye chati, miezi mitatu baadaye.

Lakini nisiuzidishe ulinganisho huu. FIFA, na pia gemu za mapigano zilizowapa Wakenya majina, zina neema moja: kila mechi inaanza sifuri kwa sifuri. Brian Diang'a, aliyekulia Kibera na kujulikana kwa Mortal Kombat, hakuingia ulingoni na panga alilolirithi kutoka mechi ya jana. Sylvia Gathoni, anayejiita QueenArrow, ambaye mwaka 2018 alisajiliwa na timu ya Marekani ya XiT Gaming kwa ustadi wake wa Tekken, alishinda kwa vidole na akili. Katika gemu za kuigiza wahusika hakuna sifuri kwa sifuri baada ya siku ya kwanza. Ulichokipata jana unakivaa leo. Aliyecheza saa elfu ana deraya, farasi, dhahabu na marafiki, na mgeni anamkuta hivyo mlangoni. Mabao mawili ya kuanzia hayatoshi.

Jambo hili lilionekana mapema. Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, Roy Trubshaw na Richard Bartle walianza kutengeneza MUD, ulimwengu wa maandishi matupu ambamo watu kadhaa waliingia kwa pamoja. Mwaka 1996 Bartle aliandika makala ambayo kila mtengenezaji tangu wakati huo ameisoma au amedai kuisoma. Aliwagawa wachezaji mafungu manne: wanaotafuta mafanikio, wanaopeleleza dunia, wanaokuja kukutana na watu, na wanaokuja kuwasumbua wengine. Watu wengi hukumbuka mafungu hayo tu. Mimi naona uzito wa makala uko kwingine, pale anapoeleza kwamba mafungu haya yanategemeana: ukiongeza wasumbufu, wazungumzaji wanakimbia, wazungumzaji wakikimbia, hata wasumbufu wanakosa wa kumsumbua. Yaani hesabu ya gemu ni hesabu ya majirani.

Mwaka 1999 ikaja EverQuest, na pamoja nayo vyama vikubwa vya wachezaji. Joka moja lilihitaji makumi ya watu kuliua, na likifa linaacha vitu vichache tu. Nani achukue? Chama kimoja, Afterlife, kilianzisha daftari la alama: unapata alama kwa kuhudhuria, unazitumia kununua silaha. Utaratibu huo ulienea kote. Mama yeyote wa Kawangware anayeendesha chama cha akina mama angeutambua papo hapo, kuanzia kitabu cha mahudhurio hadi faini ya kuchelewa na zamu ya kupokea. Na angetambua pia kasoro yake, kwamba mwanachama anayeuguza mtoto hana tofauti, kwenye daftari, na mwanachama mvivu. Tofauti ni kwamba chama cha akina mama kina mwenyekiti anayekwenda kumwona mgonjwa kabla ya kuandika faini.

World of Warcraft ilipofunguliwa Novemba 2004, mapango yake makubwa, kama Molten Core, yalitaka watu 40 kwa wakati mmoja. Jaribuni kuwakusanya watu 40 saa mbili usiku mahali popote, hata kwenye harambee. Waliofanikiwa walikuwa wenye saa zilizoshikana. Mwaka 2006 likaongezwa pango la Naxxramas, kazi ya usanii mkubwa, na ni wachezaji wachache mno walioliona ndani. Fikirieni kujenga jumba la sinema na kuwaruhusu watu wa safu moja tu. Kampuni yake, Blizzard, ilijifunza polepole. Januari 2007 idadi ikashushwa hadi 25, na pango moja la watu 10. Mwaka 2008 Naxxramas ikarudishwa ikiwa na mlango wa watu 10 pia. Mwishoni mwa 2011 ukaja utaratibu wa kubonyeza kitufe na kuunganishwa na wageni 24 ili kila mtu aweze kuuona mwisho wa hadithi.

Hatua hiyo ya mwisho huwagawa watu hadi leo, nami nina upande. Ni haki kila mtu aione hadithi. Lakini watu wale 25 hawasalimiani. Wanapigana, wanachukua, wanatoweka. Kwa PS ungeketi benchi moja na aliyekufunga matano, na kabla hujaondoka angekuonyesha ulikosea wapi. Kampuni ilifungua mlango na, kwa bahati mbaya, ikaondoa benchi.

Kuna kisa kimoja cha World of Warcraft ninachokipenda. Ilipokuwa bado katika majaribio, watengenezaji walitaka kumzuia mkeshaji asimwache mpita njia mbali sana. Wakaweka uchovu: ukicheza muda mrefu, alama zako za uzoefu zinapungua hadi nusu. Watu walikasirika. Basi wakageuza maneno. Kiwango kile cha chini wakakiita cha kawaida, na kile cha juu wakakiita cha aliyepumzika: ukiwa nje ya gemu, mhusika wako amelala katika nyumba ya wageni, unajiwekea akiba ya kupata mara mbili, hadi kikomo cha ngazi moja na nusu. Tarakimu zilibaki zilezile. Malalamiko yakaisha. China ilifanya kinyume. Kanuni ya mwaka 2007 iliwapunguzia watoto malipo ya gemu hadi nusu baada ya saa tatu na hadi sifuri baada ya saa tano, na mwaka 2021 serikali ikawabakishia saa moja tu, ya saa mbili hadi saa tatu usiku, siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Blizzard ilifikiria mchezaji atakuwa na hali gani anaporudi. Serikali ilifikiria saa ya kumfukuza.

Tuje kwa walioshindwa, maana wao hufundisha vizuri zaidi. Star Wars Galaxies ilifunguliwa 2003 ikiwa na ulimwengu mpana ambamo ungeweza kuwa mpishi, mshonaji, mwanamuziki wa baa. Kuwa Jedi, shujaa mkuu wa hadithi za Star Wars, kulihitaji subira ya miezi na miezi, na wachache waliofika waliheshimiwa na kuogopwa. Novemba 2005 wenye gemu waliamua kuwavuta wapita njia kwa mara moja. Kazi zaidi ya thelathini zikakunjwa kuwa tisa, na Jedi ikawa chaguo la siku ya kwanza, bonyeza uanze. Waliosota wakaona jasho lao limegawiwa kama karanga za matanga. Walihama kwa makundi, wale wapya hawakufika kama ilivyotarajiwa, na gemu ilifungwa Desemba 2011.

WildStar iliteleza upande wa pili. Ilifunguliwa 2014 ikijigamba kwamba ni gemu ya wagumu. Ilirudisha mapango ya watu 40, na kabla ya kuyaingia ulipaswa kutimiza mlolongo wa masharti ambao ungechosha hata karani wa ardhi. Wagumu walikuja, wakatazama nyuma, wakakuta hawana wa kuwatambia. Mwaka 2015 gemu ikawa ya bure, na 2018 ikafungwa. Mchezaji sugu anahitaji umati kuliko anavyokiri. Sifa ya kuvaa deraya adimu inakuja pale mtu mwingine anapoiona akauliza umeipata wapi.

Sasa niwarudishe mtaani, kwa sababu mifano hii yote inadhani mchezaji ana umeme, kompyuta na kadi ya benki. World of Warcraft ilitoza dola 15 kwa mwezi, mbali na bei ya gemu yenyewe. RuneScape, iliyoanza mwaka 2001, ilikuwa rafiki zaidi wa mtu wa saiba kwa kuwa ilifunguka ndani ya kivinjari bila kusakinisha chochote, lakini saiba nayo hukutoza kwa dakika. Leo gemu iko kwenye simu. Julai 2020 Safaricom ilianza kuuza simu za 4G kwa mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, shilingi 20 kwa siku, bei ya mechi moja kwa PS. Usipolipa, simu hujifunga. Mwenzako wa chama aliye Sweden anaona tu kwamba hukuja vitani. Haoni kwamba leo kibarua cha mjengo kilikosekana.

Halafu kuna bando. Bando la saa moja kwa kama shilingi 20 linaanza kuhesabu unapolinunua, na halijali unafanya nini. Ukingoja foleni ya pango dakika kumi na tano, robo ya pesa yako imekwenda. Sasisho likitoka, na gemu za siku hizi hutoa masasisho makubwa kila msimu, bando lote linamezwa kabla hujaliona jina lako kwenye skrini. Sijaona mtengenezaji yeyote akijadili ukubwa wa masasisho kama suala la usawa kati ya wachezaji, nami nadhani katika mitaa yetu linapita yote. Mwenye waya wa intaneti nyumbani anasasisha akiwa usingizini. Asiye nao anatembea hadi penye Wi-Fi ya kushiriki. Ndiyo maana kazi ya TunapandaNET, mtandao wa jamii unaounganisha shule na vituo vya vijana hapa Kibera, na ya kampuni kama Poa! Internet zilizojenga biashara yao kwenye mitaa ya kipato kidogo, imegusa suala hili kuliko kanuni nyingi zilizoandikwa ng'ambo.

Na umeme. Usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, karibu nchi nzima iliingia gizani, JKIA ikiwemo. Uwanja wa ndege wa kimataifa uliposhindwa kuwasha taa, aliyekuwa mganga wa kikosi kutoka Lindi, Kibera, alifutwa kwa kutohudhuria vita bila taarifa. Natania kidogo, lakini si sana.

Sasa tazameni zawadi za kila siku. Ingia siku saba mfululizo upate sanduku. Ukikosa siku ya sita, rudi siku ya kwanza. Kitu hiki hutetewa kama zawadi kwa mpita njia, kwamba anahitaji dakika tano tu. Si kweli. Dakika tano kila siku ni anasa ya mwenye simu yake peke yake. Anayeshiriki simu na kaka yake, anayekwenda ushago wiki mbili kwa mazishi, anayeibiwa simu stejini na kukaa mwezi akijichanga, ana muda mwingi kuliko zile dakika thelathini na tano za wiki, ila hauko kwa mpangilio huo. Mpeni kazi ya wiki nzima badala ya ya siku, isiyokamilika ihamie wiki ijayo, na mtaona mtu mliyemwita mpita njia akigeuka mkeshaji wa Jumapili.

Dawa zipo, na nyingine ni za zamani. City of Heroes, mwaka 2004, iliruhusu mwenye ngazi ya juu kumpandisha rafiki yake mchanga kwa muda, wakapigana bega kwa bega bila mmoja kufa kila sekunde. Guild Wars 2, tangu 2012, haina ada ya mwezi, kilele chake ni ngazi ya 80 na kimebaki hapohapo kwa miaka yote, na ukirudi kwenye maeneo ya mwanzo inakushusha nguvu ulingane na mahali. Ukipotea nusu mwaka, deraya yako bado ni deraya. Final Fantasy XIV, iliyofufuliwa 2013, ina utaratibu ninaouona bora kuliko yote: mkongwe anayejiunga na kikosi cha bahati nasibu anashushwa hadi ngazi ya pango la zamani, analipwa kwa kwenda, na analipwa zaidi akimkuta mtu anayeliingia kwa mara ya kwanza. Kwa maneno mengine, mgeni amegeuzwa kuwa bahati. Ile kauli ya kikosini, huyu mgeni atatuchelewesha, ikageuka kuwa afadhali tumempata mgeni. Hiyo ndiyo runinga ya pembeni ya bingwa kwa PS, ila imeandikwa ndani ya programu.

EVE Online ilijaribu njia ya ajabu mwaka 2003: ujuzi unaongezeka kwa saa ya ukutani, hata kompyuta ikiwa imezimwa na wewe uko kazini. Kwa mtu wa saa za kuungaunga hii inasikika kama mbingu. Tatizo likaja polepole. Aliyeanza mapema yuko mbele milele, kwa kuwa saa ya ukuta haimsubiri mtu. Mwaka 2016 kampuni ikaruhusu ujuzi kununuliwa na kuuzwa, na hapo tukaingia kwenye kichochoro ninachotaka kuwaonya dhidi yake.

Kichochoro hicho ni kuuza muda. Huna saa? Lipa, tukuruke mbele. Mwaka 2014 World of Warcraft iliuza mhusika aliyefikishwa ngazi ya 90 kwa dola 60, zaidi ya shilingi 5,000 kwa bei ya wakati ule. Wenye gemu huliita hili usawa: mwenye kazi na asiye na muda anamfikia kijana asiye na kazi mwenye muda wote. Huenda likawa na maana Stockholm. Hapa wengi hawana muda na pia hawana pesa, kwa hiyo mizani ile ina sahani mbili na wao hawako kwenye hata moja. Mbaya zaidi, muda ukiwa bidhaa, atatokea wa kuuza. Uchumi wa Venezuela ulipoporomoka, vijana wengi kule walikesha ndani ya Old School RuneScape wakikusanya dhahabu ya gemu ili kununua chakula halisi. Hao ndio wachezaji sugu kuliko wote kwa hesabu ya saa, na pengine wapenzi wadogo kuliko wote. Baadhi ya wachezaji wenzao waliwaona kama wadudu. Na visanduku vya bahati, ambavyo Ubelgiji ilivipiga marufuku mwaka 2018, ni kamari iliyovaa sare ya shule; katika nchi ambayo vijana wake wanapoteza mishahara kwenye mikeka ya kubashiri mpira, sihitaji kuendelea.

Gemu hiyohiyo ya Old School RuneScape ina upande mwingine wa kusifika. Tangu irudishwe 2013, jambo jipya kubwa hupigiwa kura na wachezaji, na kwa miaka mingi lilihitaji asilimia 75 ya kura, kabla ya kushushwa hadi 70 mwaka 2022. Ni baraza la kweli, nalo limeilinda gemu na kosa la Jedi, kwa kuwa hakuna anayeamka asubuhi akakuta jasho lake limegawiwa. Ila baraza lolote huwa na walioweza kufika tu. Waliochoka, walio ushago, waliofungiwa simu, hawapigi kura. Ukisikiliza kura pekee utasikia sauti ya wakeshaji na kuiita sauti ya wote.

Nani hasa hasikiki? Nimewaacha dada zangu hadi sasa na hilo lenyewe linasema jambo. Kwa PS ni mahali pa wavulana. Msichana akiketi pale jioni, mtaa mzima utakuwa umeshampa sifa mbaya kabla hajamaliza mechi. Kwa hiyo anachezea nyumbani, kwenye simu, katikati ya foleni ya maji na sufuria ya ugali, na saa tatu mama anaihitaji simu kwa M-Pesa. Takwimu za kampuni zitamwandika mpita njia. Kisha kikao kitaketi mahali fulani, kitasoma takwimu hizo, kitasema wanawake wanapenda gemu nyepesi, na kumtengenezea gemu ya kupanga matunda. QueenArrow hakupenda gemu nyepesi. Wangapi walio kama yeye wamekwisha kuhukumiwa na sufuria?

Najua katika ukumbi huu kuna wanaotengeneza gemu, au wanaojifunza. Kenya si mgeni katika kazi hii: Black Division Games ilitoa Nairobi X mwaka 2015, na Leti Arts imefanya kazi Nairobi na Accra tangu 2009. Siku mtakapojaribu gemu ya wahusika wengi, msianze na utaratibu uliozoeleka wa kuuliza mchezaji anatumia saa ngapi kwa siku. Mpeni kijana wa Kabiro, Kawangware, simu ya bei nafuu na bando la saa moja, kisha mkae na saa mkononi. Andikeni dakika zilizoliwa na sasisho, zilizoliwa na foleni, zilizoliwa na zawadi za kubonyeza, na zile zilizobaki ambazo alikuwa na mtu mwingine akifanya jambo la maana. Mzimieni intaneti katikati ya pigano, muone gemu inamfanya nini: inamsubiri, inamwadhibu, au inamsahau. Mrudieni baada ya wiki tatu, muone kama bado ana nafasi kikosini. Mkishamaliza naye, mleteni mkeshaji mmoja wa kweli, mumuulize ni kitu gani akipewa mwingine bure ataondoka. Orodha yake itakuwa fupi kuliko mnavyoogopa, na vitu vilivyomo ndivyo vya kufungia kabatini. Vingine vyote vigaweni.